Tazameni Mikono Yao Kwanza

Hotuba kwa Waswahili waishio Uholanzi, jioni ya Jumamosi

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi watoto mliokaa chini hapa mbele, hamjambo?

Nianze na hawa watoto. Wamekunja miguu, magoti yako nje, mgongo wima. Shuleni mwalimu huwaambia wakae hivi, na mkao huu una jina lake: kleermakerszit. Mwanangu alipoleta neno hilo nyumbani alikuwa na miaka sita, na Kiholanzi changu kilikuwa bado cha kuokoteza. Nikalikata vipande. Kleermaker ni mshona nguo. Zit ni mkao. Mkao wa fundi nguo. Nilibaki nimesimama jikoni, mwiko mkononi.

Baba yangu alikuwa fundi nguo Tanga. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, lakini kazi ya mkono, kupiga bandi, kukunja upindo, kutia vifungo, aliifanya juu ya mkeka, miguu kaikunja vivi hivi, nguo ya mteja imelala mapajani isiguse vumbi. Sikuwahi kufikiri kwamba huku nako kuna mtu aliyekaa hivyo kwa kazi ile ile, miaka mingi kiasi kwamba lugha ikautunza mkao wake hata baada ya yeye mwenyewe kutoweka mitaani.

Mwaka huo huo nilimpata. Yuko Amsterdam, katika jumba la makumbusho liitwalo Rijksmuseum, ndani ya picha ya mwaka 1661 iliyochorwa na Quiringh van Brekelenkam wa Leiden. Picha si kubwa, urefu wake ni kama sentimita 66. Kuna dirisha, na chini ya dirisha kuna meza pana. Juu ya meza hiyo wamekaa fundi na wanafunzi wake wawili, miguu imekunjwa. Mteja, mwanamke, amesimama anazungumza na fundi. Basi, hakuna kingine kinachotokea. Hakuna malaika, hakuna mfalme, hakuna vita. Ni fundi, wanafunzi, mteja, na nuru ya dirishani.

Mtu asiyejua ushonaji atauliza kwa nini wamepanda mezani kama kuku. Aliyelelewa na fundi haulizi. Mezani ndiko kwenye nuru, na mezani nguo haiburuziki sakafuni. Bila mwanga wa kutosha huoni mshono wako mwenyewe, hasa kwenye kitambaa cheusi, na Waholanzi wa wakati ule walivaa nguo nyeusi sana. Brekelenkam alilijua hili. Alikichora kibanda cha fundi nguo tena na tena, si mara moja wala mbili, na humo nuru haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ni kifaa cha kazi, kama sindano.

Ndiyo maana nimeomba nafasi ya kusema jioni hii. Wengi wetu tunaishi katika nchi hii miaka kumi, ishirini, na nyumba hizi za makumbusho tunazipita kwa tramu tukidhani za ndani si zetu. Tunadhani kuna mabwana wenye kola nyeupe tu. Wapo mabwana, ni kweli. Lakini katika karne ya 17 nchi hii ilifanya jambo ambalo mataifa mengi hayakulifanya kwa wingi ule: ilimchora mtu wa kazi akiwa kazini. Mwokaji mikate, mwuza samaki, fundi viatu, mfumaji, mnoa visu, mhunzi, mama anayemtoa mtoto chawa.

Leo wataalamu wana jina moja la jumla kwa picha hizo. Wenyewe waliozichora hawakuwa nalo. Waliziita kwa kilichomo: picha ya jikoni, picha ya wakulima, picha ya gulio. Napenda majina hayo ya zamani. Yanakwambia uangalie nini.

Sasa, nani alizinunua? Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana hiki ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Mwaka 1640 msafiri Mwingereza aitwaye Peter Mundy alifika Amsterdam. Aliandika kwamba wauza nyama na waokaji wametundika picha madukani mwao, na kwamba hata wahunzi na mafundi viatu mara nyingi wana picha moja au nyingine karibu na tanuru la kufulia chuma au kibandani. Mhunzi ana picha karibu na moto wake! Huko kwingine picha iliagizwa na kanisa au na mfalme. Kanisa la Kiprotestanti la Uholanzi halikutaka picha kanisani, na mfalme hapakuwa naye. Mchoraji akabaki na soko. Alichora kwanza, kisha akatafuta mteja, kama anavyofanya fundi wa vitanda pale barabarani kwetu. Na picha za bei nafuu zilikuwapo tele.

Nitawapa kisa cha mwokaji mmoja. Mwaka 1663 Mfaransa Balthasar de Monconys alikwenda Delft kumwona mchoraji Johannes Vermeer, huyu ambaye leo watu wanavuka bahari kuja kumtazama mtumishi wake anayemimina maziwa. Vermeer hakuwa na picha hata moja ya kumwonyesha. Picha akaiona kwa mwokaji mikate. Mgeni yule aliandika kwa mshangao kwamba mwokaji alilipa livre 600, fedha ya Kifaransa ya wakati ule, kwa picha yenye mtu mmoja tu ndani yake. Vermeer alifariki Desemba 1675, baada ya vita na Ufaransa kuliua soko la picha, akamwachia mkewe, Catharina Bolnes, watoto 11 na madeni. Deni moja lilikuwa la mkate: zaidi ya gulden 600, fedha ya Uholanzi ya wakati ule, kwa mwokaji Hendrick van Buyten. Mjane akampa picha mbili. Katika mapatano yao alikuwa na haki ya kuzikomboa kwa kulipa kidogo kidogo, gulden 50 kwa mwaka. Kwetu tungesema aliziweka rehani. Kila nikiikumbuka habari hiyo namfikiria yule mama, na pia namfikiria mwokaji aliyeendelea kupeleka mkate kwenye nyumba yenye watoto 11 huku daftari la deni linanenepa.

Waokaji wa wakati ule wana picha zao pia. Iliyo bora kwangu ni ya Jan Steen, ya mwaka 1658, Rijksmuseum, na haifiki hata sentimita 40 kwa urefu. Tena tunawajua waliomo kwa majina: Arent Oostwaard, mwokaji wa Leiden, na mkewe Catharina Keizerswaard. Mume amekunja mikono ya shati, ametoka na mikate kutoka tanurini, na ubao wake wa kutolea mikate anao. Mke ameshika andazi kavu. Kuna mvulana anapuliza pembe. Hiyo pembe msiipite haraka. Mkate ukiiva, mwokaji alipuliza pembe mtaa mzima usikie, watu waje wakati mkate ungali moto. Mliokulia Tanga, Mombasa au Unguja mnajua kengele ya baiskeli ya mwuza mikate alfajiri. Kazi moja, sauti tofauti.

Steen mwenyewe alikuwa mtoto wa mtengeneza bia, naye alijaribu kuendesha kiwanda cha bia Delft, kisha mwaka 1672 akapata ruhusa ya kufungua nyumba ya wageni Leiden. Ndiyo maana watu wake wa baa hawaonekani wa kubuni. Alichora methali pia. Katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague, kuna picha yake kubwa ya familia inayokula na kunywa, na baba mtu, ambaye ni Steen mwenyewe kajichora, anamfundisha mtoto kuvuta kiko. Methali iliyoandikwa mle inasema wadogo hupiga filimbi kwa wimbo walioimba wakubwa. Sisi tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mpaka leo nyumba ikiwa shaghalabaghala jirani yako Mholanzi atakwambia hii ni nyumba ya Jan Steen. Watoto wangu wamekwisha kuambiwa hivyo, na walistahili.

Lakini ndugu zangu, nisiwafiche. Picha hizi zote hazikuanza kwa heshima. Nyingi zilianza kwa dhihaka, na mkulima ndiye aliyedhihakiwa zaidi.

Mtu wa kumfuata hapa ni Adriaen van Ostade wa Haarlem. Alizaliwa 1610, akafariki 1685. Baba yake alikuwa mfumaji aliyetoka upande wa Eindhoven, na jina Ostade ni la kitongoji cha huko. Alipoanza kuchora, miaka ya 1630, kijana yule alifuata nyayo za mchoraji Adriaen Brouwer, na wakulima wake wakawa viumbe wa kuchekwa. Wanakunywa kwenye banda lenye giza, wanapigania karata, wanatoleana visu, mtu anatapika pembeni. Sura zao hazina tofauti, kama zimekatwa kwa kisu butu. Tajiri wa Haarlem aliitundika picha kama hiyo sebuleni, akacheka, akajiona yeye ndiye mstaarabu. Mtaalamu wa Kiholanzi Eddy de Jongh, hasa kwa maonyesho yaliyofanyika Rijksmuseum mwaka 1976, aliwafundisha watazamaji kuona kwamba picha nyingi za aina hii zilibeba somo la maadili chini ya kicheko chake. Naafikiana naye kwa sehemu kubwa. Ila somo lililotolewa kwa kumtukana asiyekuwepo, mimi nalitilia shaka. Mkulima halisi wa mkoa wa Holland alikuwa mtu wa biashara. Aliuza siagi na jibini mjini, na wengi wao walikuwa na mali ya kuonekana. Hakuwa mnyama wa bandani.

Sisi tunalijua jicho la namna hiyo. Tumechorwa nalo. Kuna picha ngapi za Mwafrika wa kijijini zilizotundikwa sebuleni mwa watu ili mwenye nyumba ajisikie mstaarabu? Kwa hiyo nilipoziona mara ya kwanza hizo za Ostade wa ujanani, niliondoka. Sikutaka kuzitazama.

Nilirudi kwa sababu ya picha nyingine ya mkono ule ule. Ostade alichora pia kwa kuchapa: bamba la shaba hupakwa nta, mistari inachorwa kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha asidi inakula pale palipochorwa, bamba linatiwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Alitengeneza mabamba kama 50 ya aina hiyo. Moja ni la mwaka 1653, familia ya kijijini ikisali kabla ya kula. Chumba ni cha kimaskini, vyombo ni vichache. Wala hakuna anayechekwa. Kuna jingine la mwaka 1671, fundi viatu kwenye kibanda chake nje ya nyumba, kazi iko mikononi na mazungumzo yanaendelea, maana kibanda cha fundi viatu popote duniani ni baraza. Kuna la mwokaji anayepuliza pembe, amejitokeza kwenye nusu mlango wake.

Kisha kuna mama mwuza samaki. Rangi ya mafuta, mwaka 1672, Rijksmuseum. Mchoraji alikuwa ametimiza miaka 60 na ushei. Mwaka huo Waholanzi wanauita mwaka wa maafa: Ufaransa, Uingereza, Münster na Köln waliishambulia nchi kwa pamoja. Katikati ya hayo mzee anakaa na kumchora mwanamke aliye nyuma ya meza ya samaki gulioni. Samaki yuko mkononi mwake, kisu kiko mkononi. Alikuwa anamshughulikia samaki, akasikia mtu amesimama mbele yake, akainua macho. Mtu huyo ni wewe unayetazama. Hakucheki wala hakuogopi. Anataka kujua unanunua au hununui. Nyuma yake gulio linaendelea kwa rangi hafifu, na uso wake ndio uko wazi. Mikono yake imechorwa na mtu aliyewahi kusimama na kutazama jinsi samaki anavyoshikwa asiteleze.

Kati ya wale walevi wa bandani na mama huyu kuna karibu miaka 40 ya mchoraji mmoja. Wapo wasemao soko tu ndilo lilibadilika, matajiri walichoka na fujo wakataka picha za utulivu. Huenda soko lilichangia. Lakini soko halikufundishi jinsi mwanamke anavyoinua macho bila kuinua kisu. Mimi naamini mtoto wa mfumaji alizeeka, akaacha kuwatazama watu wake kwa macho ya wanunuzi wake. Huo ndio ushahidi wangu, na nautoa kama wangu.

Mdogo wake, Isaac, naye alikuwa mchoraji. Alipenda nyumba za wageni za kando ya barabara: farasi wanapumzishwa, mikokoteni, kuku, watoto wanaozunguka miguuni mwa wasafiri. Alifariki 1649 akiwa na miaka 28 tu. Ukisimama mbele ya picha zake unasikia harufu ya kituo cha mabasi. Nasema hivyo kwa mapenzi.

Kuhusu mchoraji Gerard ter Borch nitasema kidogo. Huyu ni bingwa wa kuchora kitambaa cha atlasi. Nguo za mabibi zake zinang'aa hata unataka kuzigusa. Lakini kama mwaka 1653 alichora uani kwa mnoa visu, na picha hiyo ipo Berlin. Baba ananoa kibandani, huku mbele mama amekaa anachambua nywele za mwanawe kutafuta chawa. Kuta zimechakaa, mbao zimeoza. Mkono uliochora atlasi ukachora mbao zilizooza kwa uangalifu ule ule. Nilimwonyesha mama yangu picha hiyo kwenye simu alipokuja kututembelea. Aliitazama kwa muda, akasema, "Huyo mtoto anataka kutoroka." Kweli, mtoto aliyeshikwa kichwa kwa chawa hujulikana.

Kuna jambo ambalo picha hizi hazilisemi, na sitaki mtoke hapa bila kulisikia. Wavuta kiko wa Brouwer na Ostade wanavuta tumbaku, na tumbaku nyingi ilivuka bahari kutoka Amerika, iliyolimwa na mikono ambayo haikuchorwa. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoanzishwa 1602, ilileta pilipili manga na viungo vilivyolitajirisha soko lile lile la picha. Mwaka 1652 ikaweka kituo Rasi ya Tumaini Jema, na huko wakapelekwa watumwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na pwani ya Msumbiji. Pwani yetu hiyo, watu wanaoelewana na sisi. Mwokaji wa Leiden ana jina na jina la mkewe. Hao hawakupata mchoraji wa kuwakalisha dirishani. Nasimama mbele ya yule fundi nguo nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja, na sijaona haja ya kuchagua kimoja.

Bado nawaomba mwende. Mkifika, msianze na kibao cha maelezo, wala msianze na nyuso. Tazameni mikono yao kwanza. Kuna mchoraji aliyekuwa hajui kazi anayoichora, na mikono itamsaliti: nyundo imeshikwa kama kijiko, uzi hauendi popote. Na kuna aliyejua. Wachukueni wafumaji wa Haarlem kwenye vitanda vya mfumi, waliomo katika picha za katikati ya karne ile: mtu aliyewahi kufuma ataona mara moja kama mguu uko pale unapopaswa kuwa. Wataalamu wa sanaa wana elimu kubwa ambayo sina. Lakini hapa ukumbini naona seremala wawili, mama wawili waliouza samaki Ferry, soko la samaki la Dar es Salaam, fundi viatu, wasusi, na waliokuja huku wakawa wafanyakazi wa jikoni. Nyinyi mnaweza kuona humo mambo ambayo aliyesoma vitabu peke yake hawezi kuyaona.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Jumamosi ijayo tukutane mbele ya mlango wa Rijksmuseum saa nne asubuhi. Watoto hawalipi, hadi miaka 18. Wakubwa tutasaidiana, anayepungukiwa aniambie pembeni, si lazima mbele za watu. Tutaanza kwa mama wa samaki, na nimewaomba wale mama wawili wa Ferry watueleze ni samaki gani na kama kisu kile kinafaa. Kisha twende kwa fundi nguo. Mzee mmoja aliye hapa alishona suti Kariakoo kwa miaka mingi, na amekubali kuja ingawa magoti yanamsumbua. Nataka asogee karibu kadiri mlinzi atakavyoruhusu, avae miwani yake, atuambie pale mezani wanashona nini.